Sashe ya vipande vya vitenge vya mafundi wa Goma: inafaa kwa kado na mapambo ya Noeli?

Naanza na jibu juu najua wengine hamutafika chini. Kama uko Goma na mufuko hauna nguvu mwaka huu, acha girlande za plastiki, nenda kwa mafundi wa kushona, nunua sashe (mufuko) moja ya vipande vya vitenge, kisha uzi muzuri na unga kidogo wa kupikia kole (gundi), basi. Na hivyo tu nimepamba nyumba yote na nimepata kado (zawadi) za mashangazi, za majirani na za walimu wa watoto, na bado kuna vipande vinangoja bonane (mwaka mupya). Nitasema chenye kilikubali na chenye kilikataa, na bei nitaitaja, ili mutu asimwage franga zake bure.

Kwa wenye hawajawahi kununua: karibu kila atelye ya kushona hapa kwetu, iwe Birere, iwe Alanine, iwe pembeni ya soko Virunga, iko na gunia chini ya meza lenye wanatupiamo mabaki. Mama analeta kitenge chake cha yadi 6, ni metre 5 na nusu hivi, anashonewa libaya na jipo na kitambaa cha kichwa, na kila mara kwenye shingo, kwenye makwapa, kwenye mikono kunabaki vipande, vingine vya ukubwa wa kiganja, vingine virefu na vyembamba. Zamani walikuwa wanavitupa ao wanajazia mito, sasa wengine wanaviweka kwa sashe na kuviuzisha, na ni haki yao kabisa juu ni mali.

Na mwezi huu wa kumi na mbili ndio wenyewe. Kila nyumba inataka watoto waingie misa ya Noeli na nguo mpya, mafundi wanakesha kwenye masini, gunia linajaa kila siku. Ukija mwezi wa kwanza utapata mabaki ya hapa na pale tu. Wakati mwingine wenye yanakuwa mengi ni wiki za mbele ya tarehe 8 mwezi wa tatu, siku ya wanawake, wamama wanaposhonesha uniforme za kikundi, na hapo unapata kitu kizuri zaidi, vipande vingi vya kitenge kimoja.

Bei: mimi nililipa 2000 franga kwa sashe kubwa yenye ilijaa mpaka kufunga ikawa kazi. Nilipochukua mbili akanishushia. Girlande moja ya kung'aa, ile ya metre mbili yenye inaanza kunyonyoka ungali unaitoa dukani, waliniambia 5000, na mwaka kesho huioni tena, imeisha. Piga hesabu wewe mwenyewe.

Fundi wangu ni papa mumoja mutulivu, haongei sana, macho yake yako kwa sindano. Nilimuuliza kama naweza kuchagua rangi nazotaka, akasema, "Mama, hapa hatuchaguaka, unabeba yote vile iko." Sikupenda, lakini akaacha masini, akainua kitambaa kimoja kwenye mwanga, akageuza, akanionyesha: "Angalia, hii rangi iko sawa mbele na nyuma, hii ni wax. Hii ingine nyuma ni nyeupe, wamepiga chapa juu tu. Usiipeleke kwa maji moto." Wax ni kitenge chenye kinachapwa na nta. Hiyo elimu tu ilikuwa na bei kuliko sashe yenyewe, na alinipa bure huku watu wanamungoja.

Sasa kitu chenye naomba kila mutu afanye mbele ya kukata hata kipande kimoja: utenge pamba na poliesta. Ndani ya sashe vimechanganyika na kwa macho unaweza kudanganyika, vitambaa vya siku hizi vinafanana sana. Toa uzi mumoja pembeni ya kipande, ushike na kibanio cha chuma, si na vidole, weka sahani chini, washa kiberiti. Pamba inawaka mara moja, inanuka karatasi yenye inaungua, inaacha majivu laini ya kijivu yenye yanavunjika ukigusa. Poliesta inajikunja kwanza, inakimbia moto, kisha inayeyuka, moshi mweusi, na mwisho kunabaki kadonge kadogo keusi kagumu, na hako kadonge kakiwa bado ka moto kanashika kwenye ngozi. Ndiyo sababu nasisitiza. Ukimushonea mama mukwe kitambaa cha kushikia sufuria na ndani muko poliesta, siku atashika sufuria ya maharagi kwenye mbabula kitayeyuka kwenye mukono wake. Pamba iende kwa vitu vya jikoni, poliesta iende kwa mapambo ya ukutani. Mafungu mawili, musichanganye.

Ukipata kipande cha wax Hollande ndani ya sashe, ile ya kampuni Vlisco yenye inatoka Helmond kule Uholanzi tangu 1846, weka pembeni kwa kado ya mutu wenye unamuheshimu sana, juu ni pamba tupu na rangi yake haichoki. Mimi nilikuta kimoja cha bluu, kidogo lakini kilitosha. Vya Hitarget, wax ya China, vilikuwa vingi zaidi na kwa kazi hii havikunipa shida yoyote. Kwa rangi pia kuna njia rahisi: lowesha kona ya kipande, kandamiza na kitambaa cheupe, kama cheupe kimepata rangi basi hicho kipande kiende kwa girlande, kisiende kwa kitu chenye kitafuliwa.

Kole. Hapa nitakaa kidogo juu ndipo watu wanapoteza pesa.

Vijana wengi wananiambia nunua pistole ya kole, ile ya umeme yenye unatia kijiti cha kole nyuma kinatoka kimeyeyuka mbele. Niliitafuta, nikaitumia, na kusema kweli kwa kitenge siishauri. Kwanza inataka umeme, na hapa kwetu munajua hadithi ya umeme saa za jioni, ndio kwanza watoto wamerudi na muko tayari kufanya kazi pamoja giza linaingia, kole inagandia ndani ya mudomo wa pistole na kazi inasimama hapo. Pili, kwenye kitambaa inaacha uvimbe mugumu wenye unaonekana upande wa pili. Tatu, ni moto sana kwa watoto, na Noeli bila watoto kwenye meza ya kazi sioni maana yake. Faida yake moja ni mbao na mawe, hapo inashika vizuri, basi kama jirani iko nayo azima siku moja inatosha.

Kole yenye ilishinda zote ni ya unga, ile bibi zetu walibandikia karatasi kwenye kuta. Kikombe kimoja cha unga wa ngano, vikombe vinne vya maji. Koroga kwanza na maji baridi kidogo mpaka madonge yaishe, hapo ndipo uongeze maji mengine, weka kwenye moto mudogo na usiache kukoroga hata kama simu inalia, mpaka iwe nzito na ianze kung'aa. Ongeza kijiko cha vinegre ili isiote ukungu haraka. Ikipoa watoto wanaweza kuingiza mikono yote, hakuna sumu. Unaweza pia kutumia unga wa muhogo, na mimi kwa nyota za karto naupenda zaidi juu unakauka mugumu na haufanyi alama nyeupe, harufu yake munaijua lakini ikikauka inaisha. Shida ya kole zote mbili ni mende na panya, wanaipenda, basi mapambo yakikauka yatundikwe juu, na baada ya Noeli yawekwe kwenye ndoo yenye kifuniko.

Na hiyo kole tulifanya nyota: karto ya sabuni ao ya biskuti, unachora, unakata, unapaka kole pande zote mbili, unafunika na kitenge, unakandamiza chini ya kitabu kizito usiku kucha. Asubuhi ni ngumu kama mbao. Toboa, tia uzi, tundika. Watoto wa miaka sita wanaweza kila kitu isipokua kukata.

Chenye kimenifurahisha zaidi ya vyote ni taji la mulango, na hicho hakina kole wala sindano. Unatafuta waya, mimi nilinyoosha kintre ya chuma ya nguo, unaikunja iwe duara ya sentimetre 30 hivi, ncha unazifunga vizuri zisichome mutu. Kisha unakata vipande virefu, upana sentimetre 3, urefu sentimetre 15, na unafunga kila kimoja kwenye waya fundo moja tu, unakisukuma kishikane na cha mbele yake. Vinaingia zaidi ya mia, usiogope, ndiyo kazi nzuri ya jioni yenye mutu anafanya huku mukiongea, kila mutu na upande wake wa duara. Usikate na makasi mazuri sana pembeni, acha nyuzi zitoke kidogo, zinafanya taji lijae. Na rangi musizipange sana. Mimi nilianza kupanga nyekundu na kijani ili ionekane ya Noeli, binti yangu mukubwa akasema acha zichanganyike, akachukua kazi mukononi mwangu, na taji lake ndilo watu wanauliza wakifika mulangoni: manjano, zambarau, ndege wa bluu wenye amekatwa katikati, jicho moja tu linaonekana. Poliesta yote ya sashe iliishia hapo, na hakuna hata kipande cha kutupa.

Girlande ni rahisi, sitasema mengi: pembe tatu, kamba, shona ao bandika, imekwisha. Tu jambo moja, na hili nalisema kwa moyo wote: musipitishe girlande ya kitambaa karibu na buji (mushumaa). Umeme ukikatika sisi wote tunawasha buji bila kuangalia juu, na pamba nimewaeleza vile inawaka. Usiku wa Noeli tumieni taa ya solere ao ya simu, na girlande iende juu ya mulango ao ya dirisha lenye halina ridoo (pazia).

Pango la Noeli nalo, wengi wananunua ile ya plasta yenye inakuja imepakwa rangi na bei yake inatisha. Lakini sisi watu wa Goma mawe ya volkano yako mpaka kwenye mulango wa choo, ya mulipuko wa Nyiragongo wa 2002 na wa 2021, meusi, mepesi, yenye matundu, hakuna muji ungine wenye iko na vifaa vya pango vizuri hivi. Panga mawe, paa weka maganda makavu ya mugomba, chini majani makavu. Sanamu tulizifanya na maganda hayo hayo ya mugomba: unalowesha ganda lipate kuwa laini, unalikunja, unalifunga katikati na uzi, kichwa ni kidonge cha karatasi, na nguo ndiyo vipande vyetu vya kitenge. Maria wetu amepata ile wax ya bluu yenye nilisema, sikuweza kuitoa kado tena baada ya kumuona. Pango la kwanza Fransisko wa Assisi alilifanya Greccio kule Italia mwaka 1223, na majani ya ng'ombe, na ng'ombe mwenyewe na punda, basi wenye wanafikiri ya maganda ya mugomba haina heshima mbele ya wageni, wakumbuke lilianzia wapi.

Sapini (muti wa Noeli): tawi la sipre ndani ya bidoo (dumu) ya zamani yenye imejaa mawe, inatosha. Tawi, usikate muti muzima.

Kitu chenye siwashauri ni mapambo ya unga na chumvi, yale vikombe viwili vya unga, kimoja cha chumvi, kimoja cha maji. Kwenye picha yanapendeza sana, lakini hapa mwezi wa kumi na mbili mvua bado iko, hewa ina maji, chumvi inavuta hayo maji, na nyota yenye ilikuwa ngumu jana leo inalegea na kuanguka kwenye kamba. Labda uyapake vanishi pande zote yakiwa yamekauka kabisa pembeni ya mbabula, na hapo umeshanunua vanishi, bei rahisi imekwisha. Unga wa ngano nao si wa kuchezea mwaka huu.

Tuje kwa kado. Ya kwanza kwa maoni yangu ni kitambaa cha kushikia sufuria, juu hakuna nyumba yenye haina sufuria ya moto. Vipande viwili vya pamba vya sentimetre 20 kwa 20, katikati tia matabaka mawili ya taulo nzee ya pamba, ile unapata chaguwa (mitumba) kwa bei ndogo, uifue vizuri kwanza. Shona pembeni, shona tena musalaba katikati ili matabaka yasitembee, weka kitanzi cha kutundikia. Mukono unashona, masini si lazima. Kama vipande vyako ni vidogo unganisha vinne, na ndivyo vinapendeza zaidi. Nilimupa shangazi yangu viwili mbele ya siku yenyewe juu alikuwa anasafiri, sasa anadai vingine vya dada zake.

Ya pili ni elastiki ya nywele kwa wasichana: kipande cha sentimetre 10 kwa 50, unashona mufereji, unaingiza elastiki ya sentimetre 20, unafunga. Wasichana wa darasa la binti yangu wote wanataka. Kwa wavulana wadogo, mupira wa vitambaa uliofungwa kamba vizuri, na usiudharau, wa kwetu umeshinda mupira wa duka kwa kuishi, kwenye haya mawe ya hapa mupira wa hewa unapasuka siku ya kwanza.

Na kado ya kukula: kahawa ya Kivu, karanga za kukaanga, unatia kwenye shupa safi ya mayoneze ao ya konfitire, unafunika kifuniko na duara ya kitenge na kamba. Kado inakuwa na heshima, na mwenye kupokea anabaki na shupa.

Sasa makosa ya hii sashe, juu siyo kila kitu ni sukari. Sashe yenye nilinunua kwa muuzaji mwingine, si kwa fundi, kwa mutu wenye anakusanya kwa mafundi na kuuzisha barabarani, upande wa juu ilikuwa na vipande vizuri, vya wax kabisa, na kuanzia katikati kushuka chini ni nyuzi, vumbi, na vikato vya ukubwa wa ukucha, hata vipande vya karatasi ya patron. Bei ile ile. Basi mwambie amwage kwenye mukeka uone, akikataa, endelea na njia yako, mbele kuna wengine. Pia kuna pini na sindano zenye zimevunjika ndani, hata kwa mafundi wazuri, kwa hiyo mutu mukubwa ndiye afungue sashe na apitishe kila kipande mukononi polepole mbele ya kuwapa watoto. Na vyote vifuliwe kwanza, vimelala chini ya meza na vumbi la barabara.

Kwa hizo sababu naipa nyota nne kwa tano. Hiyo moja imebaki kwa kukosa kuchagua, na kwa mafundi wenyewe naomba: mukitenga tu wax pembeni na poliesta pembeni, mimi na wengine tutalipa zaidi bila kulalamika.

Huduma ingine yenye wengi hawaijui: kama hujui kushona, fundi huyo huyo anaweza kukupitishia masini kwenye vitambaa vyako vya sufuria ukiviandaa na kuvibana na pini. Wangu aliniomba 500 franga kwa kimoja, lakini hiyo ni mbele ya tarehe 15, baadaye hana hata dakika ya kuinua kichwa juu nguo za watu zinamungoja.

Endeni asubuhi, mbele ya wateja wa nguo hawajajaa. Bebeni sashe yenu mwenyewe yenye nguvu, zile zao zinapasuka njiani, hasa kama unapanda moto (pikipiki). Na muulize kama wako na mabaki ya uniforme ya harusi ao ya korale, juu hizo ndizo zinatosha girlande nzima ya rangi moja, na mafundi wengi wanaziweka pembeni bila kuziweka kwa bei mpaka mutu aulize.